Mita 60 kutoka Wapi? Uhakiki wa Lugha ya Ulinzi wa Fukwe katika Sheria na Sera za Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala hii inahakiki istilahi na kauli zinazotumika kuzungumzia mmomonyoko wa fukwe katika sheria na sera za Kenya na Tanzania, kwa kulinganisha kidogo na kanuni za maziwa nchini Uganda na Burundi. Hoja inayotetewa ni kwamba lugha ya ulinzi wa fukwe inaficha mambo mawili ambayo ndiyo yanayoamua nani atapoteza ardhi: mahali hasa kipimo kinapoanzia, na mtendaji aliyeuondoa mchanga. Msamiati wa wakazi wa mwambao kuhusu maji na majira unatoa nyenzo za kurekebisha kasoro hizo, ila waandishi wa kanuni hawajautumia vya kutosha.

Maneno muhimu: fukwe, mmomonyoko, bamvua, istilahi za sheria, mwambao

Pwani ni tendo

Neno pwani limetokana na kitenzi kupwa. Kwa asili yake ni mahali panapopwa, pale ambapo maji huondoka na kurudi mara mbili kwa siku. Neno lenyewe halitaji mstari, linataja mwendo. Anayekwenda pwani kutafuta pweza na chaza haendi ukingoni mwa kitu, bali anaingia katika eneo pana ambalo kwa saa chache ni nchi kavu na kwa saa nyingine ni bahari. Lugha imelipa eneo hilo msamiati wa kutosha: maji kujaa na maji kupwa, bamvua na maji mafu, na juu ya yote hayo majira ya kusi na kaskazi ambayo hubadili nguvu na mwelekeo wa mawimbi.

Sheria za mwambao hazikuzaliwa katika msamiati huo. Zilirithi dhana ya mstari: upande huu ardhi, upande ule maji, na kati yake alama inayoweza kuchorwa kwenye ramani. Katiba ya Kenya ya 2010 iliikaribia maana ya zamani ya pwani bila kuitaja, kwani ibara ya 62 imeiweka ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa katika ardhi ya umma. Hatua hiyo ni ya kusifiwa, kwa sababu inaitambua pwani kuwa eneo lenye upana. Hata hivyo, ukingo wa juu wa eneo hilo unabaki kuwa alama ileile inayozua utata unaojadiliwa hapa.

Kipimo kisicho na mwanzo

Kenya na Tanzania zinafanana katika namba moja. Kanuni za Upimaji za Kenya za 1994 zinaelekeza kwamba ardhi ya serikali inayopakana na bahari inapopimwa ili igawiwe, kwa kawaida utengwe ukanda usiopungua mita 60 juu ya alama ya maji kujaa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya 2004, kifungu cha 57, inakataza ndani ya mita 60 shughuli za kibinadamu za kudumu au zile zinazoweza kuathiri hifadhi ya mazingira. Mshauri wa sera anayesoma haraka ataona hapa mwafaka wa kikanda uliokwisha kupatikana.

Mwafaka huo ni wa namba tu. Kanuni ya Kenya inafanya kazi siku ya upimaji: ardhi inapogawiwa, ukanda unatengwa, ramani inasainiwa. Kifungu cha Tanzania kinazungumza kwa wakati uliopo usiokoma, kwa kuwa shughuli iliyokatazwa leo imekatazwa na kesho. Kwa hiyo ufukwe ukirudi nyuma mita 25 katika kipindi cha kizazi kimoja, ukanda wa Kenya unapungua na kubaki mita 35 bila mtu kuvunja sheria yoyote, ilhali ukanda wa Tanzania, ukisomwa kwa neno lake, unasogea na kuingia ndani ya ua wa mtu aliyejenga kihalali. Upande mmoja umma unapoteza kimyakimya. Upande wa pili mwenye nyumba anageuka mkosaji akiwa amelala. Isitoshe, kanuni ya Kenya inampa waziri uwezo wa kuupunguza ukanda huo pale maslahi ya maendeleo yanapodai, na kila aliyewahi kutembea katika fukwe zenye hoteli nyingi anajua kwamba neno maendeleo limekuwa na bega pana huko.

Swali la pili ni zito zaidi, nalo ni la lugha moja kwa moja. Mita 60 kutoka maji yapi? Maneno "alama ya maji kujaa" hayamwambii msomaji wa Kiswahili kama yanayokusudiwa ni maji ya bamvua au maji mafu. Kwa mpimaji aliyesomea fani yake huenda jibu likawa wazi. Kwa mwenyekiti wa kijiji au mjumbe wa kamati ya ufuo, ambaye ndiye anayetarajiwa kuilinda mita hiyo ya 60, haliko wazi hata kidogo. Mjini Mombasa tofauti ya wima kati ya maji kujaa ya bamvua na maji kujaa ya maji mafu hukaribia mita 1. Katika ufukwe unaoteremka mita 1 kwa kila mita 20, tofauti hiyo ni mita 20 za ardhi. Theluthi nzima ya akiba ya umma inategemea kivumishi kimoja ambacho hakikuandikwa, ingawa mvuvi yeyote angeuliza juu yake kabla ya kuuliza jambo lingine lolote.

Nchi zisizo na bahari zimelipitia tatizo hili kwa njia nyingine. Kanuni za Uganda za mwaka 2000 kuhusu ardhioevu, kingo za mito na fuo za maziwa zinatenga mita 200 kwa maziwa makubwa, zikihesabiwa kutoka alama ya maji kupungua. Burundi, katika sheria yake ya maji ya 2012, iliweka mita 150 kwa Ziwa Tanganyika. Kwa kusikia, mita 200 ni ukarimu mkubwa kuliko mita 60. Lakini Ziwa Victoria lilipopanda hadi mita 13.42 katika kipimo cha Jinja mwezi Mei 2020, sehemu ya ukanda uliohesabiwa kutoka maji ya chini ilikuwa ndani ya ziwa. Mialo, vibanda vya samaki na mashamba ya kando yalifurika, na mjadala uliofuata ukawa kuhusu nani alijenga ndani ya mita ngapi. Upana wa ukanda unajadiliwa kwa bidii kwa sababu ni namba. Mahali unapoanzia hapajadiliwi kwa sababu panaonekana kuwa maelezo ya kiufundi tu.

Usawa wa bahari nao hausubiri. Kwa mujibu wa ripoti ya IPCC ya 2021, wastani wa usawa wa bahari duniani ulipanda takribani sentimita 20 kati ya 1901 na 2018, na kati ya 2006 na 2018 kasi yake ilifikia milimita 3.7 kwa mwaka. Milimita hizo ni za wima. Kwenye ufukwe tambarare kila milimita ya wima hudai sehemu kubwa zaidi ya mlalo, na sheria iliyoandikwa kana kwamba alama ya maji ni jiwe la mpaka haina namna ya kulieleza jambo hilo.

Usipoziba ufa

Katika hotuba na ripoti za miradi, ukuta wa bahari hutajwa kama mafanikio. Unazinduliwa, unapigwa picha, urefu wake unahesabiwa. Hapa pana mgongano wa ajabu na hekima ambayo kila mzungumzaji wa Kiswahili ameilelea. Methali husema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Katika methali hiyo ukuta si ushindi. Ni gharama anayotozwa mzembe, ni ushahidi kwamba palikuwa na wakati wa kufanya jambo dogo na wakati huo ukapita. Sera zimeugeuza ukuta kuwa lengo, na kwa kufanya hivyo zimeusahau ufa.

Si haki kusema kwamba kila ukuta ni kosa. Ngome ya Yesu mjini Mombasa, iliyojengwa na Wareno kuanzia 1593 na kuingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2011, imesimama juu ya mwamba wa matumbawe ambao mawimbi yalikuwa yakiuchimba kutoka chini. Ngome haiwezi kuhamishwa. Pale ukuta wa kuvunja mawimbi ulikuwa na hoja ya wazi, kama ulivyo na hoja ukuta wa barabara ya Barack Obama jijini Dar es Salaam, kwa kuwa nyuma yake kuna barabara kuu na majengo ya umma yasiyo na pa kwenda. Uhakiki unaanza pale hoja ya ngome inapoazimwa na mwenye hoteli au nyumba ya mapumziko.

Ukuta wa wima hulinda kilicho nyuma yake, hauulindi ufukwe. Wimbi linalopanda juu ya mchanga mlegevu hupoteza nguvu likipanda, na maji yake mengine hunywewa na mchanga wenyewe. Wimbi linalogonga zege hurudi na nguvu yake, na linaporudi hubeba mchanga ulio mbele ya ukuta. Baada ya misimu kadhaa ukuta hubaki, ufukwe ukawa umekwenda. Mahali ukuta unapoishia, maji hugeuka na kuchimba ardhi ya jirani kwa kasi kubwa zaidi kuliko awali. Jirani, akiwa na fedha, naye hujenga. Asiye na fedha huwa ndiye mwisho wa ukuta. Kwa hiyo kauli "ulinzi wa ufukwe" inapotumiwa kwa ujenzi wa aina hiyo inasema kinyume cha kinachotendeka, na mwandishi wa sera mwenye nia njema angeanza kwa kuiita kazi hiyo kwa jina lake: ulinzi wa kiwanja.

Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, ilikwisha kutoa funzo hili zamani. Hoteli ya Africana ililiwa na bahari. Leo jina lake linafahamika zaidi kama kituo cha daladala barabara ya Bagamoyo. Katika fukwe za Kunduchi na Mbezi zilijengwa kuta fupi zinazochomoza kuelekea baharini, zile ambazo wahandisi huziita groini, ili zikamate mchanga unaosafiri sambamba na ufuo. Kazi yake zinaifanya: zinaukamata. Lakini mchanga uliokamatwa upande mmoja ni mchanga ambao haukufika upande wa pili. Kusi linapousukuma kuelekea kaskazini, aliye kaskazini mwa groini hukaa akisubiri kitu kilichokwisha kuzuiwa.

Mtendaji aliyefichwa

Istilahi kuu ya uwanja huu, mmomonyoko, inastahili kutazamwa kwa jicho la mwanaisimu. Imetokana na momonyoka, kitenzi chenye kiambishi cha kutendeka ambacho hueleza hali ya kitu bila kumtaja aliyekisababisha. Ukuta wa udongo humomonyoka; hakuna anayeulizwa. Kiswahili kina pia momonyoa, umbo linalodai mtendaji: fulani amemomonyoa kitu fulani. Istilahi ilijengwa juu ya umbo la kwanza, na kila ripoti inayofunguka kwa maneno "fukwe zetu zinakabiliwa na mmomonyoko" hurithi ukimya huo wa sarufi. Usemi wa mitaani, bahari imekula, angalau unamtaja mlaji. Tatizo lake ni kwamba humtaja mlaji mmoja tu, tena yule asiyeweza kushtakiwa.

Nyuma ya sarufi hiyo wapo watendaji wengi. Fukwe za Kunduchi hulishwa mchanga na vijito vinavyotoka bara, Tegeta na Mbezi vikiwamo. Kwa miaka mingi mchanga wa vijito hivyo umechimbwa kwa ajili ya ujenzi wa jiji lilelile linalolalamikia fukwe zake. Kila lori la mchanga lililoondoka kijitoni ni lori ambalo halikufika baharini. Msimamizi wa mto hana habari na ufukwe, na msimamizi wa ufukwe hana mamlaka juu ya mto. Istilahi haiwalazimishi kukutana, maana kinachomomonyoka kimemomonyoka chenyewe.

Kenya inatoa mfano mkubwa zaidi, kwa kuwa mito yake miwili mikuu ya pwani imeandika hadithi mbili zinazopingana. Mto Sabaki humwaga karibu na Malindi udongo mwingi uliopotea mashambani huko juu. Ghuba ya Malindi imejaa tope na mchanga kiasi kwamba ufukwe umesonga mbele, na baadhi ya hoteli zilizojengwa zikiitazama bahari kwa karibu sasa zimetenganishwa nayo na uwanja mpana wa mchanga. Kule Kipini, kwenye mlango wa Mto Tana, habari ni kinyume: bahari imeingia mjini, imechukua majengo na kufikia makaburi.

Haitoshi kusema kwamba mabwawa ya juu ya Tana, kuanzia Kindaruma la 1968 hadi Masinga la 1981 na Kiambere la 1988, ndiyo yaliyoila Kipini. Mto huo hukusanya tena udongo katika safari yake ndefu ya nyanda za chini, na mlango wake wenyewe una historia ya mikono ya watu: katika karne ya 19 mfereji wa Belezoni uliunganisha Tana na Mto Ozi, na baada ya hapo maji ya Tana yakapata njia ya kutokea Kipini. Lakini ugumu wa kugawa lawama si sababu ya kutumia lugha isiyo na lawama kabisa. Masinga hunasa tope, na jambo hilo linajulikana vyema kwa wanaohesabu uwezo wa bwawa kuzalisha umeme, kwao tope ni hasara. Hesabu hiyohiyo haijawahi kusomwa kwa pamoja na hesabu ya nyumba za Kipini kana kwamba ni za kitabu kimoja.

Malindi nayo inaibua swali ambalo mijadala ya mmomonyoko hulisahau. Ufukwe unaposonga mbele, ardhi mpya ni ya nani? Mstari wa mita 60 uliopimwa zamani unabaki nyuma, na mbele yake kuna uwanja ambao haukuwapo. Iwapo mwenye kiwanja anaruhusiwa kuifuata bahari inapoondoka, basi hana uso wa kudai ukuta wa umma inaporudi. Sheria haiwezi kumpa mtu mmoja faida ya mwendo wa pwani na kuiachia jamii hasara yake.

Upo pia mtendaji anayetajwa kwa wema mno: mikoko. Mikoko huvunja nguvu ya mawimbi na kunasa tope, na mradi wa Mikoko Pamoja huko Gazi, kusini mwa Mombasa, umeonyesha tangu 2013 kwamba msitu wa mikoko unaweza kuwaingizia wanakijiji mapato kupitia biashara ya kaboni. Lakini mikoko hupenda hori na ghuba zilizotulia. Haistawi kwenye ufukwe wa mchanga unaopigwa na mawimbi ya bahari kuu, na huko ndiko kilio kikubwa cha mmomonyoko kinakotoka. Kauli "tupande mikoko tuokoe fukwe", inayopachikwa kila mahali, huishia kwa miche iliyong'olewa na kusi la kwanza. Mlinzi wa ufukwe ulio wazi ni mwamba wa matumbawe ulioko mbele yake, nyasi za bahari, na mimea inayotambaa juu ya tuta la mchanga, ile ambayo hufyekwa ili mgeni aone bahari vizuri.

Kisiwa cha Maziwe, mbele ya Pangani, kilipoteza mivinje yake na kisha kikapotea chenyewe. Kilikuwa mazalio makuu ya kasa, na kilikuwa kimekwisha kutangazwa kuwa hifadhi. Leo ni fungu la mchanga linalofunikwa maji yanapojaa. Tangazo la hifadhi bado lipo.

Kuhama kama sera

Njia ya tatu, mbali na kujenga ukuta na kuacha mambo yaende, ni kurudi nyuma kwa mpango. Kiswahili cha sera hakijaipatia njia hii jina linaloheshimika. Kurudi nyuma kunasikika kama kushindwa, na kuhamishwa kunabeba kumbukumbu za amri na matingatinga. Ukosefu wa jina si jambo dogo, kwa kuwa chaguo lisilotamkika katika mkutano wa kijiji halitachaguliwa. Hata hivyo, lugha ya wavuvi ina neno dago, kambi inayowekwa msimu mmoja na kuvunjwa mwingine kwa kufuata samaki na upepo. Neno hilo halifai kutwaliwa na watunga sera bila tahadhari. Wanaoishi dago mara nyingi ni wasio na hati ya ardhi, na kulisifu bila kuwapa haki kungekuwa kejeli. Lakini linathibitisha kwamba kuishi pwani kwa kusogea hakukuanza na wataalamu wa mabadiliko ya tabianchi.

Mkataba wa Nairobi, unaozihusu nchi za magharibi mwa Bahari ya Hindi tangu 1985, unatoa jukwaa la kuoanisha vipimo na istilahi. Kinachotakiwa katika jukwaa hilo si ongezeko la mita. Kanuni iliyoandikwa kwa Kiswahili kinachoijua bahari ingesema waziwazi kwamba ukanda unahesabiwa kutoka alama ya maji kujaa ya bamvua. Kwamba alama hiyo inapimwa upya kila baada ya kipindi kilichotajwa, wakati wa kusi na wakati wa kaskazi. Kwamba anayeomba kibali cha ukuta au groini anataja majirani wa pande zote mbili na kuweka dhamana ya fidia yao. Na kwamba kibali cha kuchimba mchanga mtoni kinapitia pia meza ya msimamizi wa ufukwe unaolishwa na mto huo. Ingesema vilevile ni nani anayebeba gharama pale ukanda unapoingia ndani ya ua uliojengwa kihalali, na kama nyumba hiyo inapewa muda wa matumizi hadi maji yafike umbali fulani au inavunjwa mara moja.

Kifungu hicho cha mwisho ndicho kigumu kuliko vyote, na rasimu yoyote itakayokiacha wazi itawaachia maofisa wa wilaya wakiamue ufukweni, nyumba moja baada ya nyingine. Bikoni za viwanja vilivyopimwa miaka mingi iliyopita zinaendelea kuonekana kwenye ramani katika sehemu ambazo sasa maji ya bamvua huzifunika, na hati zake bado zinaweza kuuzwa.